Baba Mkwe Uwanjani

Jumatatu, 3 Machi

Mpira wa kikapu Kyela nimeuleta mimi. Anayebisha abishe. Kabla yangu watu hapa walijua mpunga na mpira wa miguu tu. Leo mpwa wangu Tusajigwe, binti wa kidato cha sita, anaruka kama chura wa majaruba na kupiga chenga mpaka mabeki wanakaa chini, na watu wanauliza kajifunza wapi. Damu! Ujanani niliruka mto Mbaka na gunia la mpunga kichwani. Mamba walishangaa.

Leo dada yangu Veronika, mama yake Tusa, kaleta habari. Jumamosi, kwenye mechi ya Siku ya Wanawake, atakuja kocha wa chuo kikuu kimoja cha Dar. Anasaka gadi, yule anayeuongoza mpira na kuwapanga wenzake. Akimpenda Tusa, chuo kitamsomesha bure. Asipompenda, Veronika hana uwezo huo, mtoto atabaki kuanika kakao na sisi.

Nikasema niachieni mimi. Veronika akasema hicho ndicho anachokiogopa. Akaniapisha nisikanyage uwanjani. Sababu ni kwamba timu inafundishwa na Mwalimu Nancy, mke wa mwanangu Humphrey. Mkamwana wangu! Na ukoo wetu wa Ipyana bado unashika mila: mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Akikuona njiani anajificha, hata kama ana ndoo kichwani. Walio Bondeni, kule mjini, wengi wameacha. Sisi bado.

Nimeapa. Lakini nimeapa kuhusu uwanja. Stendi haikutajwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimemsaidia Nancy kiufundi. Kusema naye siwezi, kwa hiyo nilisimama nyuma ya ukuta wa jiko lake nikamweleza mbuzi, kwa sauti kubwa, kwamba Tusa asigawe mipira ovyo. Afunge mwenyewe! Mgeni anakuja kuona mikono ya nani? Mbuzi alisikiliza vizuri sana. Baadaye Nancy akamtuma mke wangu Kisa aje aniambie kwamba mbuzi amechoka.

Wivu. Eti ana cheti cha ukocha. Mimi nilimaliza la saba, la nane nikajisomesha mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi na mapema, stendi. Nimebeba jogoo na mchele wetu, ule wenyewe wa kunukia. Kocha wa kikapu huna haja ya kuonyeshwa, si ni mrefu? Na kweli, kwenye basi akashuka mtu mrefu mpaka akainama mlangoni. Mbele yake kulikuwa na kajamaa kafupi na begi, kakinizibia njia. Nikakasukuma. Nikakaambia kapishe wakubwa.

Yule mrefu nikamkabidhi jogoo na mchele. Nikamweleza kwamba mti ni mimi, mtoto ni tawi tu. Akasema "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa, kwa lafudhi ya kwao, sijui Tanga, akaondoka na jogoo kichwa chini miguu juu. Nikarudi nyumbani napiga mluzi.

Jioni Veronika kaja amevimba. Yule mrefu ni bwana afya mpya wa wilaya. Kocha ni kale kafupi! Anaitwa Clemence. Ameuliza yule mzee mkali wa stendi ni nani, na Veronika akajibu hamjui.

Dada yangu, tumbo moja!

Jumamosi, 8 Machi

Sikwenda uwanjani. Nilikwenda karibu na uwanja. Nia yangu ilikuwa moja tu, kumwomba radhi kocha Clemence na kumdokezea historia yangu. Nikajifunika mwavuli wa Kisa, ule wa maua, mpaka kidevuni.

Raha iliyoje! Wale wasichana wa Mbeya mjini warefu, Tusa anapita chini ya makwapa yao. Kocha Clemence anatazama, anatikisa kichwa, anatabasamu. Tuko mbele! Mara mwamuzi akapuliza, eti Tusa kakanyaga mstari. Mstari! Nikausahau mwavuli. Nikapaza sauti: "We mwamuzi, macho umeyaanika na kakao?"

Sauti yangu inajulikana kutoka Ipyana mpaka Njisi. Nancy akageuka. Tukaonana, mimi na mkamwana wangu, naye kavaa suruali ya michezo! Mungu wangu. Akapiga yowe, akanyakua kanga ya shabiki mmoja, akajifunika gubigubi na kukimbilia nyuma ya tangi la maji. Filimbi yake ikabaki kwenye nyasi.

Timu haina kocha. Wasichana wanatazamana. Mbeya wakafunga. Wakafunga tena. Clemence akauliza kama mwalimu wao kaugua. Mama mmoja akamjibu kwa kidole, na kidole kikaja moja kwa moja kwangu. Hapo akina mama wakaanza, na makofi juu yake: "Baba mkwe, nyumbani! Baba mkwe, nyumbani!" Hata wa Mbeya wakadakia.

Na mimi? Nilibaki nimesimama. Kocha alikuwa karibu mno. Nilijiambia sentensi moja tu, nimweleze, kisha niende.

Tusa akamwomba mwamuzi asimamishe mchezo. Akaja mpaka kwangu, jasho linamtiririka. Nilingojea matusi. Akapiga goti mbele za watu wote, akanisalimia kama anavyonisalimia nyumbani, kisha akasema polepole: mjomba, nakuomba uende. Mwalimu hawezi kutoka ukiwa hapa. Na mimi nafasi yangu ni hii tu.

Kelele zile zote za akina mama zilinipita. Goti lile halikunipita. Nikaondoka bila kuaga, mwavuli nikauacha.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani sikwenda. Wangeniimbia.

Kisa alirudi na habari za jana, akapakua chakula. Tulipoanza kula ndipo akazitoa, kidogo kidogo, kama mtu anayempa mgonjwa dawa chungu. Wameshinda. Nancy hakuamini kwamba nimeondoka, alichungulia kutoka nyuma ya tangi muda mrefu, na wakati huo wote Tusa ndiye aliyewapanga wenzake, wewe huku, wewe kule. Kikapu cha mwisho, cha ushindi, kakirusha yeye kutoka mbali, mwamuzi ana filimbi mdomoni tayari.

Clemence akamwambia Veronika kwamba wanaoruka anao wengi. Kilichomshika ni jinsi binti alivyomtoa mtu uwanjani bila kumvunjia heshima, kisha akarudi kucheza na kichwa kimetulia. Gadi anatakiwa awe hivyo. Akifaulu mitihani ya Mei, chuo kinamngoja.

Huyo mtu aliyetolewa ni mimi.

Jioni Tusa kaleta mwavuli, kaukunja vizuri. Nilikuwa nimeliandaa neno samahani tangu mchana. Likatoka jingine. Nikasema chuma kimoja cha mwavuli kimepinda. Akasema ameona, mjomba, ameshakifunga kwa waya. Akaniuliza kama nimekula. Nikaingia ndani, nikajifanya natafuta kiberiti.

Jumatano, 12 Machi

Nimefikiri sana. Nisingekwenda, Nancy asingekimbia. Nancy asingekimbia, Tusa asingekuja kunitoa. Asingenitoa, kocha angeona nini? Kuruka tu, na wanaoruka anao wengi, kasema mwenyewe! Sasa aliyempeleka mtoto chuoni ni nani? Nimeieleza hesabu hii kilabuni. Wawili wamekubali. Mmoja wao alikuwa bado anaweza kusimama.

Chuo kikifunguliwa nitamsindikiza Dar. Kule hakuna mkamwana. Nitakaa mbele kabisa, karibu na bega la kocha, nimwelekeze. Veronika amesema labda apite juu ya maiti yangu. Nadhani alikusudia yake. Sijamuuliza.

Kila ninakopita wananiomba niwasimulie kile kikapu cha mwisho. Nawasimulia! Juzi Tusa alikirusha kutoka katikati ya uwanja. Jana kutoka nje ya uwanja, jua limempiga machoni. Leo Njisi mpira umegonga chuma, ukazunguka, ukakaa ukingoni ukijishauri, wazee wamevua kofia, upepo wa ziwani ukavuma, ukaingia. Watu walinipigia makofi. Mmoja kaninunulia soda.

Sasa hili libaki humu. Kikapu hicho sikukiona. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye migomba nyuma ya vyoo vya shule, vidole masikioni. Kelele zilipopenya nikadhani tumefungwa kwa sababu yangu, nikakimbia mpaka nyumbani.