Mbio za Kukimbilia Fungate

Jumatatu, 14 Julai

Nimeamka nikatazama mto wa pili kuhakikisha kwamba kweli nimeoa. Nimeoa! Ila mto ulikuwa mtupu. Kavindu wangu alikuwa ameshatoka kukimbia, katika baridi hii ya Mutuini ambayo hata mbwa wa jirani hubweka bila kuinuka.

Amerudi mashavu yanang'aa. Ameoga, ameinjika maharagwe, amefungua kompyuta. Mke wangu ni mwanasayansi wa anga. Husoma picha za setilaiti katika ofisi moja kule Loresho: mto umevunja kingo wapi, mahindi yamekauka wapi. Anasema setilaiti yake huizunguka dunia kwa muda uleule wa kuivisha maharagwe. Ikipita, yeye huonja sufuria. Nani mwingine ana mke kama huyu? Hakuna!

Kisha akatoa habari. Bosi amempa likizo hatimaye. Fungate yetu, iliyoahirishwa kwa sababu ya mafuriko, sasa ipo! Nikaona hoteli. Nikaona mashuka meupe na mtu akituletea maembe yaliyokatwa. Kumbe yeye anaona Mlima Kenya. Kwa miguu.

Akaeleza kwa upole. Jumapili kuna mbio za wawili wawili kwenye vilima vya Ngong. Tukimaliza pamoja atajua mapafu yangu yanauweza mlima, na tutapanda sisi wawili tu. Tukishindwa, hatathubutu kunihatarisha huko juu. Atachukua nafasi iliyobaki katika kundi la Waithaka linalopanda mlima huohuo, na fungate yetu ingoje Krismasi.

Waithaka! Huyu ni mfanyakazi mwenzake. Ana darubini yake mwenyewe na vigimbi kama chupa za soda. Huniita shemeji huku akinipigapiga tumbo.

Nilimwambia Kavindu asihofu. Si nilimweleza tulipokuwa wachumba kwamba shuleni nilikuwa bingwa wa mbio? Nilimweleza. Sikuwa.

Jumanne, 15 Julai

Zawadi! Kavindu amenifunga mkononi saa ya wakimbiaji. Inawasiliana na setilaiti na kuchora kila njia ninayopita, na jioni yeye huiona njia hiyo kwenye kompyuta. Akanibusu kifundo cha mkono. Nikaapa kukimbia hadi mwisho wa dunia.

Nilifika kwa kinyozi. Pale mwili ulikataa. Nilikaa kwenye benchi la wateja, kinyozi akaniuliza kama ni kunyoa au ni kufa. Nikamwambia bado naamua.

Kazini siku nzima nilikuwa mnyonge. Naipenda kazi yangu, kuchapisha mabango pale River Road, lakini leo kila kona ya duka ilinirudisha kule tulikoanza. Siku ya kwanza Kavindu alikuja kuchapisha picha kubwa ya Ziwa Victoria iliyopigwa kutoka angani, magugumaji yote ya kijani kibichi. Mimi nikadhani ni kitenge. Nikamsifu kwa rangi! Nikaining'iniza kichwa chini. Alicheka hadi akashikilia kaunta. Nilitaka asiondoke, basi nikamwambia wino wa aina ile hukauka polepole mno, itabidi angoje. Ulikuwa umekauka zamani. Tukanywa chai, tukala mandazi, barabara nzima ikipiga kelele nje, nami sisikii chochote ila sauti yake akinieleza jinsi mawingu yanavyoonekana kutoka juu.

Alirudi wiki iliyofuata. Wino ukakawia tena. Siku zile! Hakukuwa na saa, hakukuwa na mlima, hakukuwa na Waithaka. Mtu alihitaji uongo mdogo tu na birika.

Jumatano, 16 Julai

Nimepata akili. Akili kubwa!

Ngui ndiye anayetuletea maziwa kwa pikipiki. Leo alfajiri nilimwomba avae saa yangu na kuzunguka nayo Mutuini, lakini polepole, kama binadamu. Akaniuliza, bwana harusi, kwa nini usikimbie mwenyewe, barabara ni ya bure. Nikamwambia ni mambo ya sayansi. Akasema wanaume wa Kakamega tukioa Wakamba tunarukwa na akili. Yeye mwenyewe ni Mkamba, kwa hiyo alisema kwa majivuno.

Nikajificha nyuma ya nyumba, kati ya tangi la maji na migomba, nikala mkate. Aliporudi nilijimwagia maji usoni na kuingia ndani nikihema. Kavindu alikuwa akipiga pasi blauzi ya kazini. Aliniona akafurahi mno, akanipa yai la pili.

Yai lilinikwama kidogo. Nikalimeza.

Alhamisi, 17 Julai

Ngui amekimbia tena kwa niaba yangu. Jioni Kavindu alifungua kompyuta, akautazama mchoro wa njia zangu kwa utulivu ule anaoutumia kutazama picha za mito. Akasema najitahidi. Akauliza kwa nini nasimama mara nyingi hivyo, kila penye lango.

Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa watu. Siwezi kumpita jirani bila kumjulia hali.

Akasema ni jambo zuri. Akauliza tena: na kule kwenye mteremko, mbona ghafla nilikuwa na kasi kuliko gari la wagonjwa? Nikasema pale huwa nazikumbuka siku za shule.

Akafunga kompyuta. Akasema anaenda kukuna nazi. Hatukuwa na nazi.

Waithaka alimpigia simu kuhusu majina ya kundi la mlimani, nikasikia akiuliza kama shemeji bado anapumua. Kavindu akamjibu, kwa mujibu wa saa, shemeji anaruka. Hakuwa akitabasamu. Lakini alinitetea! Mapenzi ni hayo.

Jumamosi, 19 Julai

Jana sikuandika. Nilijaribu kukimbia kwa miguu yangu mwenyewe, kwa siri, ili Jumapili nisiumbuke. Nikakanyaga shimo. Siku nzima nimetembea kama bata.

Leo Waithaka ameleta sare za mbio hadi nyumbani, eti alikuwa akipita. Nani hupita Mutuini akitoka Loresho? Fulana iko sawa. Kaptula sasa! Fupi, nyembamba, rangi ya chungwa. Hata leso ya mtoto ina heshima zaidi. Nikauliza kama nyingine imebaki kwenye gari. Akacheka, akasema, shemeji, hii ndiyo husaidia upepo kupita. Nikamwambia upepo hauna shughuli yoyote huko.

Magharibi, Waithaka akiwa ameondoka, Kavindu alinivuta uani. Mawingu ya Julai yalikuwa yamepasuka kidogo juu ya shamba la jirani. Akanionyesha nukta moja ya mwanga ikitembea kimya kati ya nyota za kwanza. Akasema kile ni chombo kinachozunguka dunia, jua bado linakipiga huko juu ingawa kwetu limetua. Akaniegemea. Akasema toka utotoni, kwao Makueni, alikuwa akitoka hivi na babake kuhesabu vinavyopita, na kwamba juu ya mlima, bila taa za mji, atauona uso wangu kwa nyota peke yake. Ndiyo sababu anataka twende wawili. Anaota jambo hilo tangu siku ya posa.

Nilitaka kumwambia kuhusu maziwa. Kweli nilitaka. Lakini ile nukta ikapotea, naye akaomba twende tukageuze chapati.

Jumapili, 20 Julai

Nina mikwaruzo kila mahali. Naandika nimesimama.

Ngong ilikuwa na ukungu mzito, ile mitambo mirefu ya umeme wa upepo ikisikika tu bila kuonekana. Wawili wawili, kila jozi imeshikana kwa utepe, na lazima mvuke mstari wa mwisho pamoja, utepe mkononi. Waithaka na mwenzake waliondoka kama swala. Mimi niliondoka.

Kavindu hakunikimbiza. Aliendana nami, mlima baada ya mlima, akinivuta kwa utepe kama ndama. Nilipotaka kulala chini alinihadithia jinsi nilivyoining'iniza picha yake kichwa chini, akacheka kicheko kilekile, nami nikasahau magoti. Kisha ukungu ukafunguka, Bonde la Ufa lote likawa chini yetu, jua likitembea juu yake. Akasema, ona, hivi ndivyo ninavyoiona dunia kila siku kazini, leo nimeiona nikiwa nawe. Nikalia kidogo. Nikasema ni jasho.

Tukaanza kushuka. Tulikuwa tunaweza! Nyuma yetu kulikuwa na wengine, nawaapia! Mstari wa mwisho ukaonekana, watu wakishangilia, Waithaka akiwa na ndizi mdomoni. Mlima ulikuwa wetu, fungate yetu, nyota zote zetu.

Nikasikia vigelegele.

Kando ya mstari, leso mbili kiunoni na ya tatu ameitandaza mikononi tayari kutupokea, alikuwa mama mkwe. Mamake Kavindu! Ametoka Makueni na akina mama wa kanisa kumshangilia bintiye, na hakuna aliyeniambia, ilikuwa eti mshangao.

Kwetu na kwao mila hii ni moja: mwanamume hamkaribii mama mkwe ovyo, seuze kumwendea mbio akiwa mapaja wazi katika kaptula ya rangi ya chungwa! Babu yangu alihama njia nzima maisha yake yote kwa sababu hiyo. Sikufikiri. Miguu ambayo siku zote imenikataa ilinitii kwa mara ya kwanza. Niliachia utepe, nikakata kulia, nikatumbukia katika kichaka cha miiba.

Kavindu alivuka peke yake. Utepe ulikuwa ukiburuzika nyuma yake.

Msimamizi alitangaza jozi yetu imeondolewa. Waithaka akaja kwenye kichaka, akainama, akaniuliza kwa sauti ya huruma kama shemeji anatafuta kitu. Nikamwambia naomba suruali.

Njiani kurudi Kavindu alikuwa akitazama nje dirishani. Mlima umekwenda.

Jumatatu, 21 Julai

Mungu yupo, na ana mama mkwe!

Asubuhi Kavindu alikuwa ameshika simu ili ampigie Waithaka kumwambia ataichukua ile nafasi kundini. Ikaita kabla hajabonyeza. Mamake. Nilisikiliza nikiwa jikoni, mwiko mkononi.

Mama amecheka tangu jana hadi mbavu zinamuuma. Amesema akina mama wote wa kanisa walishuhudia. Wakwe wa siku hizi huja kusalimu wakiwa kifua wazi, wanakaa kochi moja na mama mkwe na kumwomba rimoti. Huyu wake ameacha medali mlangoni na kujitupa kwenye miiba ili asimvunjie heshima. Amemwuliza bintiye, mtu kama huyo unamwacha nyumbani unapanda mlima na nani? Kisha akakata, hakungoja jibu.

Kavindu alikuja jikoni. Akanichomoa mwiba shingoni. Akasema twende, sisi wawili, Ijumaa, polepole, tutapumzika kila nitakapotaka. Nikamkumbatia nikamchafua kwa unga.

Halafu akasema anajua habari ya maziwa.

Amejua tangu Jumatano! Kazi yake ni kutofautisha barabara na mto akiwa juu ya mawingu. Atashindwa na pikipiki inayosimama kwa kila mteja wa Ngui? Akasema alinyamaza makusudi, alikuwa akingoja nimwambie mwenyewe, na siku zilivyopita bila neno ndivyo alivyozidi kuumia. Wakimbiaji anao tele kwenye klabu yake ya mbio. Alitaka mume anayesema kweli, hata kama kweli yenyewe ni kwamba alifika kwa kinyozi akachoka.

Niliona aibu hadi kwenye nyayo. Nikaapa, mkono kifuani, kwamba kuanzia leo hakuna uongo kati yetu, mdogo wala mkubwa. Akanifuta machozi. Nikamfuta unga. Ndoa tamu!

Tulipoketi kunywa chai akaniuliza, kwa kupanga safari tu, kama nimewahi kulala kwenye hema.

Swali jepesi. Jibu lake ni jepesi pia. Lakini alikuwa amenitazama kwa macho yale! Nikasikia mdomo wangu ukimwambia kwamba utotoni nililala kwenye hema kuliko kitandani, na kwamba naweza kulisimamisha nimefumba macho, upepo ukivuma.

Alifurahi sana. Papo hapo akampigia mpagazi aliyekuwa atusimamishie hema, akamwambia abaki nyumbani.

Kesho River Road nitatafuta turubai na kamba, nifanye mazoezi chumbani akiwa ofisini. Hata sina wasiwasi. Hema ni nini, kwani? Ni bango tu ambalo watu huingia ndani.