Mtama Uliokatazwa Kuguswa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyetuma udhuru na kwa hiyo ninayekuwakilisha mimi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao, ambaye hadi atakapofika ni mimi pia, waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kamati Kuu, viongozi wa dini mliotufungulia kwa sala na mtakaotufungia, mtunza ghala hili la ushirika, uliyetuondolea magunia ili tupate pa kukaa, shangazi yangu uliyenilea tangu sina meno, ambaye leo itifaki inanilazimu nikuite Mjumbe (Shangazi: "Niite utakavyo baba, ila jua linakwenda!" Kicheko), akina mama, akina baba, vijana, pamoja na makundi yote ambayo karani wangu amesahau kuyaandika: itifaki imezingatiwa. (Karani anapiga makofi.)

Ndugu wadau, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na kifani, furaha shirikishi na endelevu. Kama mnavyofahamu, na kama hamfahamu basi ndiyo maana nimekuja, Ofisi yangu ya Uratibu wa Ushirikiano wa Kitafiti katika Kilimo Endelevu na Udhibiti wa Visumbufu vya Mimea kwenye Maeneo Kame ilisaini makubaliano na taasisi dada ya ng'ambo ya mpaka, nchi yenye ukame kama wetu, viwavi kama wetu na, nasema bila woga, wakurugenzi kama mimi. (Shangazi: "Maskini, na wao!") Fremuweki yenyewe ni ya kisayansi kabisa: upande mmoja unaachilia wadudu rafiki, yaani wale nyigu wadogo wasiouma mtu, wanaotafuta mayai ya viwavi na kuyamaliza bila tone la sumu, upande wa pili haufanyi chochote, ili mwisho wa msimu tulinganishe na kupima impakti. Nyinyi, ndugu zangu, mmebahatika kuwa upande wa pili. (Makofi machache. Watu wanaulizana, "Kasema tumebahatika nini?")

Kutofanya chochote si kazi ya mzaha, waheshimiwa, na ofisi yangu ina uzoefu mkubwa katika eneo hilo. Ndiyo maana tulipiga marufuku kuokota viwavi kwa mkono, kutia majivu kwenye moyo wa mtama, hata kuwasonya wale viwavi kwa hasira, maana kila kitendo kinachafua data. Na mmetii! Takwimu zinaonyesha kwamba asilimia tisini na saba ya mashamba hayakuguswa kabisa, na hiyo asilimia tatu ni ya yule bibi aliyekutwa na kopo la majivu, ambaye tayari tumempatia semina elekezi. Viwavi wenyewe wameongezeka mara nne, wana afya njema, wamenenepa, na kwa vigezo vyote vya kimataifa haya ni mafanikio...

(Mama mmoja kijana anasimama katikati ya ghala, mtoto mgongoni amelala ndani ya mbeleko. "Samahani mheshimiwa. Mtama wangu unakaribia kutoa masuke, na viwavi wanauingia moyoni. Tukianza kuokota leo tutaokoa kiasi. Tukichelewa, huyu akiacha ziwa nitamkorogea uji wa nini? Tuokote, tusiokote?")

Swali zuri sana hilo, mama yangu, tena la kimkakati. Nimelipokea, nimelichukua, nitakwenda nalo. (Mama: "Usiende nalo, baba. Nijibu hapa hapa." Watu: "Eeeh!")

Naam. Nikijibu kwa upana wake, niseme kwamba wiki iliyopita nilihudhuria kongamano la kimataifa, na wakati wa chai nikakutana uso kwa uso na mkurugenzi mwenzangu wa ng'ambo. Nikamuuliza, "Mashamba yenu vipi?" Akasema, "Yameliwa, ndugu yangu, hayatazamiki. Yenu?" Nikamwambia, "Na yetu hivyo hivyo!" Tukakumbatiana, waheshimiwa, nusura nimwage kikombe! Kwa maana hiyo tofauti kati yao na sisi ni sifuri kamili, matokeo ambayo naambiwa ni nadra sana katika sayansi.

(Mama: "Subiri kwanza. Kama na wao wameliwa, hao nyigu wameachiliwa wapi?")

Wameachiliwa kwenye mpango kazi, mama. Utekelezaji wake uko kwenye feizi ya pili. Kilichobainika pale kwenye chai ni kwamba kila upande, kwa uzalendo mkubwa, ulijichagulia kuwa upande usiofanya chochote, kwa sababu ndio mwepesi kuanza nao. Sisi tulikuwa tunawasubiri wao, wao wakitusubiri sisi, na huo, ndugu wadau, ndio ushirikiano wenyewe!

(Mama anakaza mbeleko. "Mimi naenda kuokota." Jirani yake: "Ningoje, shoga, nichukue ndoo." Viti vinaburuzwa.)

Wapendwa, naomba utulivu! Mkiokota leo mtavuruga ulinganisho! Tutalinganisha nini na nini? (Sauti kutoka mlangoni: "Linganisha njaa yako na yangu!" Kicheko kikubwa, ghala linazidi kuwa tupu.) Mtunza ghala, funga huo mlango! (Mtunza ghala: "Na mimi nina mtama, mheshimiwa." Anatoka.)

(Shangazi anainuka taratibu, ameshika kiuno. "Mwanangu, maneno yako matamu, lakini hayaokoti kiwavi. Ukimaliza, vua hilo koti uje unisaidie. Mgongo wangu hauinami tena." Anaelekea mlangoni.)

Nimepokea, Mjumbe. Kabla sijahitimisha, tuitikie kwa nguvu: Ushirikiano wa kitafiti! (Karani, peke yake: "Udumu!") Kilimo endelevu! (Karani: "Kiendelee!") Maeneo kame! (Hakuna anayeitikia. Karani anaonekana nje ya dirisha, anakunja suruali.)

Basi, kwa heshima na taadhima, navishukuru viti vyote vilivyohudhuria. Namshukuru mkurugenzi mwenzangu kwa ile chai. Zaidi ya wote nawashukuru nyinyi wakulima, popote mlipo hivi sasa, kwa kushiriki kwa ukamilifu katika mradi ambao tathmini imeona hauna dosari hata moja, kwa kuwa, tukisema ukweli, haukuwahi kuwapo. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.

(Kutoka shambani inasikika sauti ya yule mama kijana: "Jamani njooni huku! Huu moyo wake bado mzima! Na huu!" Mkurugenzi anakitazama kipaza sauti. Anafungua kifungo cha kwanza cha koti, halafu cha pili.)

Shangazi! Shangazi, nisubiri! Hivi... hao viwavi wanauma?