Hatua Mbili Kuelekea Maikrofoni

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Kisauni. Tumeanza albamu yetu ya kwanza! Nyimbo sita za panki, ule muziki wa magita na makelele, zote mbio. Studio ni chumba cha Bi Mwanarusi, magodoro ukutani. Kazi yake hasa ni kurekodi kasida. Maikrofoni ni moja tu, kwa hivyo kachora alama za chaki sakafuni, kila mtu na pake. Baya, mwimbaji wetu, mbele kabisa. Jaffar na ngoma zake, ukumbini. Mimi na gita langu la besi, mlangoni. Mlangoni!

Jumanne, 6 Agosti
Nimepeleka nyumbani kaseti ya majaribio. Dada yangu Tumu kasikiliza yote, kisha kauliza siku hiyo nilikuwa nimekwenda wapi. Miezi minane ya mazoezi, vidole vimeota sugu, na ndugu yangu hanisikii. Imeniuma, wallahi.

Jumatano, 7 Agosti
Wenzangu walipokwenda kula mahamri nilifuta alama yangu kwa soksi. Nikachora nyingine, hatua mbili mbele. Baya kauliza mbona leo namkanyaga. Nikamwambia amenenepa.

Alhamisi, 8 Agosti
Hatua mbili nyingine. Sasa niko mbele ya Baya! Bi Mwanarusi alikuwa ameinamia mashine yake. Tumerekodi zote sita mfululizo. Hakuna kurudia, kuanzia kesho chumba kimekodiwa na wengine hadi mwezi ujao. Mgongo wanivunjika, lakini safari hii nitasikika.

Jumamosi, 10 Agosti
Nimesikika. Nikipiga besi huhesabu kimoyomoyo nisipotee. Kumbe si kimoyomoyo! Kaseti nzima ni sauti yangu: moja, mbili, tatu, nne, nyimbo zote sita. Baya yuko nyuma huko, kama jirani anayegombana. Nikamwendea Bi Mwanarusi, shikamoo nyingi, nikamsihi turudie. Akanijibu kwa upole kwamba alinisikia nikihesabu tangu siku ya kwanza. Mlangoni aliniweka kunisitiri.


Jumatatu, 12 Agosti
Kaseti zimetoka vivyo hivyo. Nikipita, mtaa mzima wanihesabia. Baya kamtuma Jaffar aniambie kuwa albamu ya pili nitaipigia besi kwetu nyumbani.
Nimechoka. Nimejilaza mchana kutwa nikitafuta kosa langu, na nimelipata: nilisimama upande, mdomo ukalitangulia gita. Ilibaki hatua moja tu.
Nimenunua chaki yangu mwenyewe.