Nyumba ya Mtu Mmoja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Antena kanizidi kete! Huyu jirani yangu kamwandikisha mama yake kwenye mradi wa wazee. Leo wamemfungia skrini kubwa ukutani, intaneti ya bure, na vidude vyeupe kila chumba vinavyohisi mtu akipita. Yote kwa fedha za serikali, ili mzee anayeishi peke yake asianguke bila mtu kujua. Jioni Antena alitazama mpira kwenye skrini ya mama yake, dirisha wazi makusudi.

Mbona hata mimi nina mzee! Kasoro yake moja tu: anaishi na mimi.

Jumanne, tarehe 4

Nimemwandikisha Baba naye kwenye mradi, kisha nikampa mpango. Akiulizwa, aseme anaishi peke yake. Akaendelea kufuta miwani. Nimeingiwa na wasiwasi. Baba ni mwalimu mstaafu, uongo haumkai mdomoni. Tena tangu Mama afariki, hata maneno ya kweli anayatoa kwa kubana.

Nimeficha viatu, mswaki na nguo zangu zote. Kitanda changu nimekirundikia magazeti ya zamani.

Jumatano, tarehe 5

Afisa wa mradi amekuja asubuhi, mama mpole mwenye mkoba mzito. Nikajificha stoo, nikatega sikio. Akamuuliza Baba anaishi na nani. Jasho likanitoka.

"Peke yangu, binti yangu," Baba akasema polepole. "Mwaka wa tatu huu."

Akaulizwa siku zake zinapitaje. Akasema anasikia mlango ukifunguliwa, baadaye anausikia ukifungwa. Hapo sauti ikamkatika.

Uigizaji gani huu! Nusura nimpigie makofi humo humo stoo. Kumbe kipaji kama hiki kilikuwa kimelala nyumbani kwetu.

Mashine imefungwa. Wiki ya kwanza ni ya majaribio, kisha wataamua kama Mzee anaihitaji.

Alhamisi, tarehe 6

Balaa! Vidude vinahesabu watu. Afisa katokea kwenye skrini akiuliza imekuwaje kuna mtu sebuleni na mwingine jikoni kwa wakati mmoja. Baba akamwambia ni mgeni, huwa hakai sana.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa. Kuanzia sasa tunatembea pamoja, bega kwa bega, tuhesabike mtu mmoja. Baba akienda jikoni, nami jikoni. Akienda kulala, nami naweka godoro kando ya kitanda chake.

Jumapili, tarehe 9

Kazi ya kuwa kivuli inachosha. Mzee anatembea taratibu mno. Jikoni tunasimama tukingoja maji yachemke, na kwa kuwa sina pa kwenda, nasikiliza. Leo kanisimulia alivyomwandikia Mama barua ya kumposa, Mama akairudisha ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu. Na Baba ni mwalimu! Nimecheka hadi chai ikanimwagikia. Sikuwahi kuisikia hadithi hiyo. Nikamuuliza kwa nini hakunisimulia zamani, akasema kila mara nilikuwa natoka.

Mpira nimeukumbuka umeshaisha. Usiku nimelala vizuri ajabu. Labda ni godoro.

Jumatano, tarehe 12

Nimerudi stoo, na habari ni mbaya. Afisa kaja anatabasamu. Mashine inaonyesha Mzee anatembea, anakula kwa wakati, anacheka. Hakuna mzee mwenye nafuu kama yake mtaa mzima. Kwa hiyo haihitaji, apewe mwingine! Fundi kaibandua skrini kabla ya nusu fainali. Nimeumia roho.

Baba hata hakuiangalia ikitolewa. Aliniuliza tu leo nitalala wapi. Nikamwambia chumbani kwangu, Baba, sasa tuko huru. Akanisaidia kubeba godoro.

Alhamisi, tarehe 13

Alfajiri mlango wangu umegongwa. Ni Baba, kavaa sweta, ananingoja twende jikoni. Nikamkumbusha kwamba mashine imeshaondolewa, anaweza kwenda mwenyewe.

"Najua," akasema. Hakuondoka mlangoni.

Maskini, kaizoea mashine! Nimemhurumia kwa kweli. Nikasimama naye hadi maji yakachemka, kisha nikakimbilia ofisi ya mradi kabla Antena hajaamka. Wanaleta mashine mpya, inayozungumza na wazee wapweke kutwa nzima. Nimemwandikisha Baba, yeye ndiye wa kwanza. Ikija, hatakuwa tena na haja ya kunigongea mlango.