Viatu Nilivyopandia Mulima

Bandugu, leo haya imenimaliza. Imenimaliza yote, haikuniachia hata kidogo ya kesho.

Naandika mguu ukiwa mu beseni ya maji ya moto na chumvi. Musicheke kwanza. Nitaeleza pole pole tangu asubuhi, halafu kila mutu ataamua na roho yake.

Munamujua Faida. (Wasiomujua: ni ule binti wa mutaa ya Cimpunda aliyenifanya nikonde mpaka rafiki zangu wakataka kuniombea misa.) Tunapendana. Kwetu walishakubali. Kwao imebaki mutu moja tu, mama yake, maana baba alishakufa. Kila nikituma wazee kuuliza, Mama Faida anajibu kitu kile kile: "Nitasema siku tutapanda kwa baba yake."

Kupanda kwa baba yake, njo kupanda mulima. Marehemu alizaliwa upande wa Nyantende, na kuko kilima moja juu kabisa alikokuwa anapenda kukaa akiangalia ziwa. Kila mwaka familia inapanda pale. Wanasali, wanamumwangia kasiksi kidogo kwa udongo, ile pombe ya ndizi aliyoipenda, wanamupa habari za nyumba. Miaka hii ya taabu njia ilikuwa haipitiki. Leo njo wamepanda tena, na mimi nikaitwa.

Nikajisemea: leo njo leo. Nitavaa!

Vesti ya bluu, koti na suruali yake. Kravati kwa shingo. Na viatu vya ngozi, vyenye ncha, chini laini kabisa, vinang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu ndani yake. Mutu wa Bukavu haendi kuomba muke na kandambili. (Hata kama muke iko juu ya mulima. Ujinga wangu ulianzia hapa, naukubali.)

Faida alinikuta pa barabara, akaangalia miguu yangu muda murefu.

"Cheri wangu, tunapanda mulima."

"Najua."

"Mulima ya kweli. Iko na matope."

"Faida, leo mama yako ananipima. Unataka anione kama muchunga ng'ombe?"

Akageuka, akatangulia. Nikafikiri nimeshinda.

Tulikuwa watu wane: sisi wawili, mama yake, na tonton Cito, mudogo wa marehemu. Tonton anatembea na fimbo kwa sababu ya goti lake, lakini mdomo wake ni muzima kabisa. Mama Faida alibeba kitunga mu mugongo, kamba kwa kipaji cha uso, vile wamama wetu wanabeba. Tangu bwana yake afe, njo kazi yake: makala ya kupikia, mihogo, saruji, mizigo ya watu kutoka bandarini mpaka soko ya Kadutu. Ile kamba njo ilisomesha Faida.

Nilitamani kumupokea kitunga. Siwezi! Kwetu sisi Bashi, mukwe na mama mukwe ni heshima na umbali. Humupe mukono. Humukaribie. Mukikutana mu njia ndogo, wewe unatoka mu njia, unasimama mu majani, yeye anapita. Ukimugusa, ni aibu ya ukoo muzima. (Mushike vizuri neno hili.)

Tukapanda. Hatujafika hata kati, kravati ilishaingia mu mufuko na shati ilishalowa. Tonton Cito, na fimbo yake na goti lake, alikuwa mbele yangu.

"Mukwe, achia wengine hewa kidogo!"

Mama Faida hakugeuka. Alikuwa anapanda na ule mwendo wake wa kila siku, bila haraka, bila kusimama.

Juu tulikuta ukungu. Tukangoja. Halafu upepo ukaja, ukungu ukafunguka, na ziwa lote likaonekana. Bukavu yetu iko pale chini, imenyoosha vidole vyake ndani ya maji, mabati yanawaka jua. Nimezaliwa mu huu muji, nimepigana nao tangu utoto, matope yake, makelele yake, maji yake ya kusubiri kwa foleni na bidoni tupu. Sikujua kama ni muzuri namna ile. Nilielewa kwa nini marehemu alikuwa anakuja kukaa pale.

Mama Faida alishusha kitunga. Akamwanga kasiksi kwa udongo, akaongea na bwana yake kama mutu iko mu chumba ya pili.

"Papa Faida, ni sisi. Tulikawia, njia ilikuwa mubaya, unajua. Batoto biko bazima. Mimi niko nabeba. Kuko kijana hapa anataka mutoto wako. Kinywa, iko nayo. Viatu, iko navyo. Moyo, sijaona bado. Wewe unaona mbali. Unionyeshe."

Faida alikuwa analia bila sauti. Na mimi, bandugu, niliogopa. Niliogopa kweli. Kama yule mama angesema hapana pale, mbele ya marehemu, hakuna muzee angeweza kuligeuza lile neno tena. Na bila Faida sijui nitaishi kufanya nini.

Mama Faida akajifunga kitenge, akaanza kurudi mu njia. Njia yenyewe nyembamba, mutu moja moja. Nani iko mu njia? Mimi.

Nikafanya vile nilifundishwa. Nikatoka mu njia. Nikasimama mu majani, nikainamisha kichwa, mikono kwa kifua, heshima yote ya ukoo wetu.

Majani yalikuwa yamelowa. Viatu, chini laini.

Mguu moja ukaenda. Mwingine ukaufuata, haukutaka kubaki peke yake. Nikatelemuka nimekaa, halafu kwa tumbo, halafu sijui tena kwa kiungo gani. Mawe nilipita. Kichaka cha kwanza nilipita. Cha pili kilikuwa na miiba, kikanipokea. Kiatu kimoja hakikusimama, kiliendelea na safari bila mimi.

Halafu nikasikia sauti ya tonton Cito toka juu:

"Yooo! Papa Faida amejibu haraka!"

Kifundo cha mguu kilivimba palepale kama andazi. Nikajaribu kusimama, nikakaa. Faida akashuka, akaniinua, tukaanguka wawili. Tonton, goti lake halikukubali. Na juu ya ziwa wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi, radi inaita. Mvua ikikukuta kwenye ule mutelemuko, unalala pale.

Mama Faida alikuja akanisimamia. Akaangalia mguu. Akaangalia wingu. Akamupa Faida kitunga, akafungua kamba, akanigeuzia mugongo.

"Panda."

"Mama, haiwezekane. Desturi..."

"Desturi njo itakushusha? Panda!"

Nikamuangalia Faida. Faida akaangalia ziwa.

Nikapanda. (Mungu wangu.) Mama mukwe akapitisha kamba chini ya mapaja yangu, akaiweka kwa kipaji, akaguna mara moja, akasimama na mimi. Mutu muzima! Mwenye vesti! Miguu inaning'inia, mumoja na kiatu, mwingine na soksi yenye tundu.

"Usinikabe shingo. Shika bega."

"Pole, mama."

"Nyamaza. Mufuko ya makala hauongee."

Nilikuwa nasikia pumzi yake, na chini ya kamba niliona ile alama iliyochimbika kwa kipaji, ya miaka na miaka. Nikafikiri: huyu mama aliteremuka na kupanda namna hii kila siku ili Faida asome, na mimi nimekuja kumuonyesha viatu. Machozi yakatoka. Sikuweza kuyashika.

"Unalia?"

"Hapana mama, ni jasho."

"Jasho ya nini? Mimi njo natembea."

Njiani tukakutana na wamama wanapanda na mihogo. Moja akauliza: "Maman, ule iko mugonjwa?"

"Hapana," Mama Faida akajibu bila kusimama. "Iko na viatu."

Wale wamama walicheka mpaka wakashusha mizigo.

Lakini haikuwa mwisho. Chini, pale njia inaingia barabara, kuko kanisa. Misa ilikuwa inatoka. Yote! Waumini, kwaya, na watoto mbele. Wakafungua njia katikati, tukapita taratibu, mimi juu kama sanamu ya mutakatifu siku ya sikukuu. Tonton Cito alikuwa anapiga foto.

Mama Faida akanishusha pa benchi ya muuza ndizi. Akajipangusa uso. Watu wakatuzunguka.

"Bon," tonton akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Mukwe mu mugongo ya mama mukwe. Hiyo nani alishaona? Hiyo ndoa inakuwa namna gani tena?"

Nikasema: "Mama, nisamehe. Nimekuletea haya mbele ya watu. Kama jibu ni hapana, nitaelewa."

Alikuwa anakunja kamba yake pole pole, hakuniangalia.

"Hii mugongo ilibeba Faida," akasema. "Ikabeba badogo yake. Ikabeba makala ya batu. Makala nafikisha kwa mwenyewe, narudi kwangu. Lakini mutoto, nikishamubeba, simurudishi kwa mutu."

Faida alipiga kelele. Wamama wa kwaya wakapiga vigelegele, hata hawakujua ni ya nini.

"Ngoja!" tonton akasema. "Kama sasa iko mutoto yako, ataoa dada yake?"

"Cito, funga kinywa."

Njo vile. Niko kwao Cimpunda, mvua inapiga mabati, na Mama Faida mwenyewe njo ananikanda mguu. Umbali tulishauacha kule mulimani.

Ndoa iko, munaalikwa wote. Ila mutu asithubutu kuniuliza nitavaa viatu gani.