Kitanda Inje, Matela Chini

Leo haya imenimaliza, bamaman. Nimeliliwa kilio. Mimi mwenyewe, mwenye kusimama hapa na ndoo! Wekeni ndoo zenu chini, maji ya robinet haitakimbia, niwaambie yote kabla ya Maman Zawadi kuongeza chumvi yake. (Maman Zawadi, usiangalie upande. Yako inakuja.)

Munajua Furaha wangu. Ana miaka tatu, na kila asubui analia juu ya kitanda: "Maman, nishushe!" Kitanda ile baba yake aliinunua kwa majivuno. Miguu mirefu! Chini yake unaweka malle ya nguo, maharagi, na kuku na mayai yake. Mutoto anaogopa kushuka, atavunjika shingo. Ni mimi wa kumunyanyua. Na tumbo hii munaiona. Ile ya mwaka jana ilitoka, na safari hii docteur amenikataza kubeba kitu yenye uzito.

Mama mukwe wangu akasikia. Akatuma neno toka Kabare: "Nakuja kumuchukua Furaha. Mutoto wa kubebwa kama gunia atamaliza huyu mwenye kuwa ndani ya tumbo. Akae kwangu mupaka akomae."

Mupaka akomae! Kabare si mbali, lakini mutoto akishazoea maziwa ya ngombe ya koko yake, huyo mama mukwe wangu, kwangu atarudi mugeni. Nililia siku ile mupaka bugali ikaungua.

Sasa, Madame mwenye kutufundisha kushona, mulimusikia na masikio yenu. Mutoto mudogo alale chini-chini, kitanda imufike kwa magoti. Atashuka yeye mwenyewe, atapanda yeye mwenyewe, atazoea kujifanyia. Nyinyi mulicheka. Mimi nilikwenda moja kwa moja kumwambia bwana yangu akate miguu ya kitanda.

"Nikate kitanda? Mimi nilitoka kijijini nilale juu, leo mutoto wangu arudi chini? Watu ya hapa Bagira watasema nini?"

"Watasema muke yako alizaa salama."

Akanyamaza. (Papa Furaha akinyamaza amekubali. Akisema ndiyo, ujue amekataa.)

Basi leo asubui akatoa kitanda inje, akaigeuza pembeni ya mulango, miguu juu. Matela tukaiacha chini, kwa sakafu ya sima. "Jioni nitarudi na musumeno ya rafiki yangu," akasema. "Mama yangu akifika, atakuta kazi imeisha." Akapanda velo, akakanyaga pedali, akaenda kazini.

Saa ya midi, jua kichwani, nikamulisha Furaha, nikamulaza. Nikamwambia: "Leo hakuna wa kukushusha. Ukiamuka unasimama tu, unaenda kwa kopo yako ya kukojolea." Akaniangalia kama nimerukwa na akili. Basi nikalala pembeni yake, nimuonyeshe. Nikashuka. Nikapanda. Nikashuka tena. Nikapanda tena, na hapo sikushuka. Bamaman, tumbo hii na joto ile! Nililala fofofo, kinywa wazi, nywele nusu imesukwa, nusu imesimama.

Yenye kufuata niliijua nyuma, nikishaamuka. Furaha aliamuka. Hakulia! Akasimama, akaenda kwa kopo, akafanya yake yote. Akarudi, akakuta nzi zinatembea kwa mudomo yangu. Sasa mimi, nzi zikimusumbua yeye, namufunikaga. Basi na yeye akachukua drap nyeupe ya kujifunika, ile nilishona maua, akanifunika toka miguu mupaka kichwa. Akainyoosha vizuri. Akaenda kuikaa mulangoni.

Njo koko akafika! Alikuwa amepata camion ya kumuleta mbio.

Mujiweke fasi yake. Kwetu mutu akikufa, kitanda inatoka inje na watu wanalala chini. Yeye anakuta kitanda iko inje, miguu juu. Anakuta mutoto peke yake mulangoni.

"Maman yako iko wapi?"

"Analala chini. Nimemufunika."

Koko akachungulia. Matela kwa sima. Drap nyeupe. Na tumbo imesimama chini ya drap.

Weee! Sauti ile ilifika mupaka kwa kanisa, maana katekista ndiye alifika wa kwanza.

Mimi niliamushwa na kilio. Nikawaza: masikini, nani ametutoka? Nikasikia watu wanaingia, wanaikaa chini. Katekista akaanza Salamu Maria. Nikataka kuinuka niulize. Halafu nikasikia jina yangu, kwa sauti ya koko.

"Maman Furaha weee! Nani atanipikia tena sombe kama ile yako! Laini! Yenye kunukia!"

Sombe yangu ya majani ya muhogo! Ile anasemaga ni majani ya mbuzi!

Bamaman, sitawaficha. Sikutikisika. "Alikuwa na heshima weee! Na mikono ya kushona, angalieni hii drap weee!" Mimi kimya, machozi inanitoka, nasikia utamu mupaka kwa vidole vya miguu. (Nani kati yenu alishapata bahati ile? Mutu anasifiwaga siku hawezi kusikia.)

Ningeendelea kulala vile mupaka jioni. Lakini koko ni koko.

"Alikuwa na kosa moja tu," akalia. "Mafuta! Ile chupa ya mawese nilimuletea, wiki mbili tu, imeisha weee!"

"Wiki mbili gani?" nikajibu. "Ile ilimaliza mwezi muzima!"

Salamu Maria ya katekista ikakatika katikati.

Halafu mulango ikakuwa ndogo! Katekista, mwenye kutufundisha ufufuko kila siku ya Mungu, alikuwa wa kwanza inje. Maman Zawadi akapitia dirisha. (Ndiyo, wewe! Kitambaa yako iko kwangu, utakuja kuitwaa.) Mimi nikakimbia kuwaita: "Rudini, ni mimi! Niko muzima!" Kumbe drap ilikuwa imenasa kwa nywele, niko nakimbia nyeupe toka kichwa mupaka magoti. Wakaongeza mwendo.

Na bwana yangu njo anafika. Walikuwa wamemuitia kazini. Alilia njia yote, musumeno imefungwa nyuma ya velo. Akaniona natoka ndani ya nyumba ndani ya drap. Velo ikaingia moja kwa moja kati ya miguu ya kitanda, na yeye nayo. Akaangukia maharagi ya jirani.

Koko peke yake hakukimbia. Nilirudi nikamukuta anaikaa juu ya matela, anashika kifua.

"Nani alikufunika vile?" akaniuliza.

"Mimi," Furaha akajibu. "Nzi zilikuwa zinamusumbua maman."

"Na wewe, nani alikushusha?"

"Nilisimama tu."

Koko hakuamini. Basi mutoto akaenda kona, akaleta kopo yake, imejaa, akaiweka mbele ya koko, na katekista alikuwa amerudi kuchungulia mulangoni. "Ona! Niliamuka mwenyewe!"

Haya iliniingia mupaka kwa mifupa. Lakini koko aliangalia kopo, akaangalia mutoto, akaniangalia mimi na nywele zangu. Akasema polepole: "Nikimuchukua huyu, nani atakufunika wewe?"

Hapo nikalia kilio ya kweli, si ya bongo. Furaha anabaki, bamaman! Anabaki kwangu! Na koko mwenyewe alishika kitanda, bwana yangu akakata miguu na goti yenye kuvimba. Furaha alipanda na kushuka mupaka kuku akachoka kumuangalia.

Sasa hivi nimetoka kumupakulia koko chakula. Alionja sombe, akakunja uso, kinywa kikaanza kufunguka. Mimi nilichukua tu ile drap, nikaangalia sima.

"Iko muzuri," akasema mbio. "Niongezee."

Basi musicheke. Siku atarudia yale ya majani ya mbuzi, mimi najua fasi ya kulala.