Kobe Asiyetoa Kichwa

Jumatatu, 4 Juni 1956

Barua imefika. Miezi saba nimeingoja! Kiwanda cha Ubelgiji kimenijibu mistari miwili: kisu hicho kimefutwa, hakitengenezwi tena, pokea salamu zetu. Wakae na salamu zao!

Kisu chenyewe ni Kobe. Gisenyi nzima inamjua. Bapa la urefu wa kidole, mpini wa pembe. Ukimkunja anaingiza kichwa, unamtia mfukoni. Marehemu baba aliwauza miaka kumi na minane, hapa hapa kwenye baraza ya Abdu fundi cherehani. Kosa lake lilikuwa moja tu: ile pete ya shaba shingoni. Unaizungusha ili bapa lisijikunje wakati unakata. Magamba ya samaki yakiingia, pete inalegea, na Kobe anakuuma kidole. Mukamusoni, mkubwa wa wauza samaki ufukweni, ana kovu la kumtosha maisha.

Wameshindwa Wabelgiji? Nitamfufua mimi, Faradji. Tena bila pete! Kamani ya saa mbovu ndani ya mpini, inabana bapa yenyewe. Rahisi. Sijui kwa nini kiwanda kizima hakikuliona hilo.

Nilimweleza Abdu. Akatoa pini mdomoni, akasema kwa ule upole wake unaoniudhi kwamba alinipa nafasi barazani kwa heshima ya baba, lakini sasa anaona vitana vitatu na hadithi. Sebagabo ameiomba nafasi hiyo. Sebagabo! Mtu anayechomeka nyembe kwenye vijiti na kuviita visu! Nimepewa mpaka soko la Jumamosi ya wiki ijayo. Nisipoweka Kobe mezani, natoka. Baba alikaa pale mpaka ukuta ukashika umbo la mgongo wake, leo niambiwe natoka!

Jumatano, 6 Juni

Nyamyumba kwa miguu, vumbi mpaka kwenye kope. Kwa Hitimana mhunzi. Mikono ya dhahabu, kichwa cha nyundo.

Nilimpa kamani kumi na mbili za saa. Nikamweleza kwa Kiswahili safi, maana babu yangu alitoka nacho Ujiji, si hiki chao cha kuokota njiani. Nilimwambia: nataka visu kumi na viwili, kila kimoja kijifunge chenyewe, kifunge barabara, hata mtoto asiweze kukifungua. Je, kuna mtu hawezi kuelewa hapo?

Hitimana akakuna kichwa. Akauliza kifunge wakati gani. Wakati gani! Kama vile nimemwagiza duka la kufungwa jioni. Nikamwambia wakati wote. Akaomba nimwonyeshe kwa mikono. Nikakataa. Lugha yangu haihitaji mikono. Akaomba nimwachie Kobe wa baba, yule wa mwisho, atazame kwa nafasi yake. Nikakataa pia. Nimwachie ili kesho nimkute kwa Sebagabo? Akasema bon, haya, atafanya kama nilivyosema. Hayo ndiyo niliyotaka kusikia.

Ijumaa, 15 Juni

Nimekasirika tangu asubuhi, na kwa haki.

Baada ya sala nilipita ufukweni kutangaza Kobe mpya. Wanawake walisikiliza vizuri, visu mikononi, samaki mapajani. Mukamusoni aliuliza kama huyu naye anauma. Nikaapa kwamba hatauma hata akitaka. Akasema kama ni kweli watakuja wote kesho, kila mmoja atachukua wake. Mpaka hapo sawa.

Sebagabo akatokea na vijiti vyake. Akasema mbele yao wote kwamba mimi nauza maneno, tena maneno ya marehemu. Ya marehemu! Damu ikanipanda. Nikasema kwa sauti ya kufika Goma kwamba Kobe wangu akishindwa kesho, nitamwachia baraza mwenyewe, bila Abdu kunifukuza, na benchi la baba nitamwachia juu ya hayo. Sebagabo akanishika mkono mbele ya mashahidi. Mkono wake una jasho.

Abdu anasema sikuwa na haja ya kutaja benchi. Abdu ashone nguo zake.

Jumamosi, 16 Juni

Siku mbaya kuliko zote. Nitaiandika ili aibu iwafikie wanaostahili.

Mzigo ulifika asubuhi kwa mtumbwi, Hitimana mwenyewe anafuata kwa miguu. Kumi na viwili! Mipini inang'aa, pembe nyeusi, migongo laini. Wote wamejikunja. Nikawapanga juu ya kitambaa. Abdu akaacha cherehani kuja kutazama. Nikaona macho yake yamelowa kidogo, naye alimpenda baba.

Nikachukua mmoja nimfungue. Hakufunguka. Mpya, nikajiambia, bado mgumu. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akanivunja ukucha. Wanawake wakafika. Nikasema watazame kwanza uzuri wa mpini. Wakautazama. Nikasema watazame na upande wa pili.

Mukamusoni akachukua mmoja. Akajaribu kwa kucha, akajaribu kwa meno. Abdu akaleta mkasi, ukateleza. Mvuvi mmoja akamgonga Kobe kwenye jiwe, jiwe likamegeka. Hakuna aliyetoa kichwa! Mukamusoni akamrudisha taratibu juu ya kitambaa.

"Faradji, hii kisu iko na haya kuliko bibi arusi," akasema.

Ufukwe mzima ukacheka. Sebagabo hakucheka, alikuwa ameshakaa kwenye benchi.

Ndipo Hitimana akafika, jasho tele, uso wa furaha. Akatoa msumari mfukoni, akauchomeka kwenye kitundu kidogo ambacho sikukiona. Tik! Kobe akatoa kichwa. Lakini kichwa chenyewe kikaning'inia tu, huku na huku, hakuna kinachokishika. Kikafunguka, kikajikunja, tik, kikafunga tena. Nilimuuliza amefanya nini. Nilitaka kisu kifunge kikiwa wazi! Kikikunjwa kifunge cha nini?

"Muzee, wewe ulisema mutoto asifungue," akajibu. "Mimi nilikuuliza wakati gani."

Kufunga ni kukaza, mbumbumbu! Hata Abdu, mtu wa kwetu, akasema kwamba naye angeelewa hivyo hivyo, mlango ukifungwa umefungwa. Hakuna mwenye Kiswahili tena katika mji huu, nimebaki peke yangu.

Nimetoka barazani na vitana vitatu na gunia la Kobe. Nilipogeuka, Sebagabo alikuwa ameegemea pale pale penye umbo la mgongo wa baba. Niliumia. Naandika hivyo maana hakuna atakayesoma.

Jumapili, 17 Juni

Wakristo wametoka kanisani, nami nimekaa mlangoni kwangu nikimchukia kila mpita njia mmoja mmoja.

Akaja Donatille, mke wa baharia wa mashua ya mizigo, amefuatana na Mukamusoni na wengine watano. Nikajua wamekuja kucheka tena. La! Wanataka visu. Nikauliza vya nini, maana havifunguki. Donatille akasema ndiyo sababu. Mume wake haendi kwenye pombe ya ndizi bila kisu mfukoni, ataonekana si mwanamume. Kwenye pombe wanabishana, wanatoa visu, na mwezi uliopita alirudi na sikio limechanwa. Sasa huyu Kobe atatembea mfukoni, atatolewa, atapigwa mezani, ataogopesha watu, na hatafunguka. Msumari utabaki shingoni kwa mke. Akitaka kumenya muwa aje nyumbani aombe.

Wanataka vyote kumi na viwili. Leo leo. Mukamusoni akaongeza kwamba nikikubali atazungumza na Abdu nirudi barazani, na Abdu humsikiliza.

Niliwatazama mpaka wakaangalia chini. Kisu cha baba yangu kinunuliwe ili kisikate! Niwe muuza visu mwenye sifa kwamba visu vyake havifai! Nikawaambia waondoke mlangoni kwangu. Donatille akasema nifikiri kwanza. Nimeshafikiri! Kwa hasira nilibeba gunia mpaka ziwani, nikamtupa Kobe mmoja mmoja mbele yao. Walizama vizuri. Hilo angalau Hitimana alilifanya sawasawa.

Jumanne, 26 Juni

Wizi! Wizi wa mchana!

Sebagabo amekwenda Nyamyumba. Amemwambia Hitimana atengeneze vile vile, na kitundu, na msumari, na kamba ya kuvalia shingoni. Mezani kwa Abdu kuna Kobe ishirini na wanawake wamefika mpaka kutoka Busasamana. Wanakiita kisu cha amani. Nimepita nikaona Sebagabo anaonyesha jinsi kisivyofunguka, watu wanapiga makofi.

Nilimwambia Abdu hiyo ni akili yangu. Abdu akasema ndiyo, ilikuwa yangu, mpaka Jumapili ile. Akanipa chai. Nikainywa kwa hasira.

Hitimana naye alinisalimu bila haya. Aliuliza kama nina kazi nyingine.

Jumatatu, 2 Julai

Nimepata! Tena hili ni kubwa kuliko Kobe.

Mwavuli ule mdogo wa zamani, wa kukunja mara mbili, wenye kichwa cha bata. Haupatikani tena. Kosa lake lilikuwa moja tu: upepo wa ziwani ukivuma, unajikunja kichwani mwa mtu. Nitaufufua kwa kufuli jipya! Masika ikija mji mzima utanibembeleza, na Sebagabo atauondoa mgongo wake kwenye ukuta wa baba.

Nimetoka Nyamyumba sasa hivi. Nimemwambia Hitimana aniundie ishirini na nne, kila mmoja ujifunge wenyewe, ufunge barabara, hata upepo usiweze kuufungua. Akaanza tena mambo yake. Akauliza ufunge wakati gani, akaninyooshea mkaa na kipande cha ubao nimchoree.

Nikamrudishia mkaa wake. Nikamwambia wakati wote.